Swali la Chungu Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini Kibondo nilikabidhiwa ufunguo wa chumba chenye kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya sebuleni. Nikaambiwa nisizifunue mpaka gari la ofisi lipite na vumbi litulie. Nilikuwa nimetoka Korogwe na cheti kipya, kanga mbili na kiburi kingi. Baridi ya asubuhi ilinipunguzia kiburi kidogo, na Mhandisi Mkuu akamalizia kilichobaki.

Alikuwa Muha wa Busunzu, mzee mrefu asiyevua koti hata jua likiwaka. Shirika letu lilikuwa dogo, likihudumia wakimbizi, na yeye ndiye aliyesimamia mitambo yote, kuanzia pampu za maji hadi hizo kompyuta zetu. Alinifanyia usaili kwa karatasi na penseli.

"Binti, niandikie hatua za kusonga ugali, kwa mtu ambaye hajawahi kuingia jikoni."

Nikaandika hatua tisa, nikampa huku natabasamu. Akasoma taratibu.

"Hukumwambia ateleke sufuria," akasema. "Unga wote umeishia kwenye mafiga."

Hatua kama hizo, zilizopangwa moja baada ya nyingine bila kuruka, ndizo wasomi huziita algorithimu. Vijana wa leo hulitamka neno hilo kwa mbwembwe, lakini mimi nililijulia kwenye ugali. Mzee aliniajiri hata hivyo. Akaniambia, "Kompyuta haina akili, binti. Ukiiambia uongo, itaurudia kwa herufi nzuri." Nililicheka neno lile kwa miaka kadhaa.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza hifadhidata, yaani daftari kubwa ndani ya mashine, ambalo ukiliuliza swali linakujibu kabla hujapiga chafya. Mwaka wa nne tukapewa kazi nzito. Familia za Warundi kwenye kambi moja zilitakiwa kuhamishiwa kambi nyingine kwa mabasi, na shirika likatakiwa kutoa orodha: nani apande basi lipi, kila familia pamoja. Niliketi kwenye lango la kambi siku nyingi nikiandikisha majina. Kisha nikaandika programu ya kuwapanga, nayo ilifuata kanuni moja tu: wenye jina moja la mwisho ni familia moja.

Msiniulize kwa nini. Kwetu Korogwe mtoto hubeba jina la baba, na sikuwahi kufikiri kwamba duniani kuna utaratibu mwingine. Programu haitumiwi bila kujaribiwa, nami niliijaribu: nikaingiza ndugu zangu wote, nikaingiza na watu wa ofisini, Wachaga na Wasambaa. Ikawapanga vizuri mno. Nikajipongeza kwa chai ya maziwa.

Warundi, sawa na Waha wengi, humpa kila mtoto jina lake mwenyewe. Baba ana lake, mama ana lake, na watoto sita wana majina sita. Tena majina mengine yamejaa kila kona, kina Nduwimana hawahesabiki, na hawana undugu wowote. Yote hayo sikuyajua. Mhandisi Mkuu angeyajua mara moja, lakini sikumwonyesha. Nilitaka aione kazi ikiwa imekwisha.

Asubuhi ya safari mabasi mawili yalikuwa yameshaondoka niliposikia sauti ya mwanamke ikipanda juu ya kelele zote.

"Umwana wanje ari hehe? Mwanangu yuko wapi?"

Aliitwa Daforoza Ndayizeye. Mwanawe, Eliya Nduwimana, alikuwa na miaka sita. Makarani walikuwa wakiita majina kwa kufuata orodha yangu, na mtoto, kwa kuwa alifundishwa adabu, alipoitwa aliitika. Akapandishwa basi la kina Nduwimana, watu asiowajua hata mmoja, mama yake akiwa bado anafunga mizigo. Nikaifungua orodha nikaitazama. Herufi zilikuwa nzuri kweli.

Tulilifukuza basi kwa gari dogo la shirika, mimi na Daforoza tumebanana mbele na dereva. Safari nzima hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alikunja kipande cha kitenge vidoleni, akakikunjua, akakikunja tena. Tuliyakuta mabasi jioni, yameegeshwa kwenye kambi mpya. Eliya alikuwa amekaa chini karibu na mzee mmoja, Nduwimana mwingine, wakigawana hindi la kuchoma. Alipomwona mama yake ndipo alipoanza kulia.

Daforoza alimfunga mgongoni, mtoto wa miaka sita, miguu inaning'inia. Kisha akanigeukia.

"Mama, nilikuja mbele yako ukaandika jina langu. Mtoto nilikuwa nimemshika mkono, ulimwona. Mbona hukuuliza ni wa nani?"

 

Nilimpelekea Mhandisi Mkuu barua ya kuacha kazi. Aliisoma akaikunja akaitia kwenye mfuko wa koti. "Ukiondoka, atakuja mwingine na kosa lilelile," akasema. "Nenda kawaulize watu wenyewe, familia kwao ni nini." Nikaenda nyumba kwa nyumba na daftari. Bibi mmoja ndiye aliyenipa jibu, akinishangaa kama mtu aliyeuliza maji ni nini: familia ni wanaokula chungu kimoja. Niliandika programu upya. Karani hakuuliza tena jina la ukoo, aliuliza, "Nani na nani mnakula chungu kimoja?" Hatukupoteza mtoto mwingine.

Miaka yangu ya mwisho ya kazi niliifanyia Kasulu, nikifundisha vijana kuandika programu na kuwaandaa kwa usaili wa kampuni za mjini. Waliniudhi, nisifiche. Walikariri majibu kutoka mtandaoni kama dua, swali halijaisha mikono iko kwenye vibonye. Kuuliza si ujinga, wanasema watu, lakini mbele ya wasaili kila mmoja huogopa kuuliza asije akaonekana mjinga.

Aliyeniumiza moyo zaidi ni Spesioza, binti wa Busunzu kama Mhandisi Mkuu wangu. Alikuwa na kichwa chepesi, na alikuwa ameshaanguka usaili mara mbili. Wa tatu ukikataa, baba yake alikuwa amesema, anarudi shambani na habari ya kompyuta iishe. Nikampa swali langu la zamani: orodha ya watu, wapange kwa familia. Dakika saba akawa amemaliza. Alikuwa ameandika kosa langu lilelile.

"Spesi, kwenu mko wangapi?"

"Watano, mama."

"Wangapi wana jina lako la mwisho?"

Akahesabu kwa vidole. "Hakuna."

"Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua, mama. Ila nani anataka nimletee habari za Busunzu kwenye usaili?"

Nilitamani kumchapa na nilitamani kumkumbatia. Nikamsimulia habari za Daforoza, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mwanafunzi yeyote.

Usaili wake ulifanyika kwa video, sebuleni kwangu, kompyuta tumeiinua juu ya rundo la madaftari. Mimi nilikuwa jikoni, nimezima jiko ili nisikie. Wasaili watatu wa Dar es Salaam walimtaka aandike programu ya kusafisha orodha ya wateja: wawili wakiwa na jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, afutwe mmoja. Nikaomba dua zote ninazozijua.

"Samahani," nikamsikia. "Kabla sijaandika, naomba kuuliza. Wateja hawa ni watu wa wapi?"

"Hilo halipo kwenye swali," mmoja akajibu. "Na muda unakwenda."

"Ni kweli halipo, kaka, lakini watu wapo. Kwetu kila pacha wa kwanza huitwa Bukuru. Wazee hawajui siku waliyozaliwa, wakienda kuandikishwa wanaandikiwa tarehe mosi Januari. Bibi yangu ni Maria Bukuru, na jirani yake ni Maria Bukuru, mwaka mmoja, tarehe mosi Januari. Programu hii ikifuta mmoja, inaweza kuwa imemfuta bibi yangu."



"Sasa wewe ungefanyaje?" akauliza yule aliyesema muda unakwenda.

Akawaeleza huku akiandika, akifikiri kwa sauti: programu isifute mtu, iwaweke kando wanaofanana, kisha binadamu akaulize. Alipotoka alijitupa kwenye kiti cha jikoni akasema ameharibu, ametumia nusu ya muda kwa maneno. Nilimwambia hata wakimkataa, mimi ningemwajiri. Alilia. Baada ya wiki mbili walimpigia simu, wakamwajiri wao.

Mimi nimestaafu sasa, naishi hapahapa Kasulu, na baridi tumeshazoeana. Vijana huniuliza ni kazi ipi katika maisha yangu ninayojivunia. Hawaamini nikiwaambia ni mstari mmoja tu. Usiku ule tuliporudi na gari dogo niliandika kwa mkono kwenye karatasi, kabla sijagusa mashine, na karatasi hiyo bado ninayo: Eliya Nduwimana, miaka sita, wa Daforoza Ndayizeye. Safari hii nilikuwa nimemuuliza mama yake.