Masikio ya Mbuzi wa Hirsi

Bado naikumbuka siku ile ya soko hapa Garissa, mwanangu. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, na abti yangu, kaka wa mama, alikuwa amenipa kazi katika bucha yake. Enzi zile nyama haikuwa na lebo. Kila familia ya wafugaji ilichanja masikio ya mbuzi wake kwa namna yake, na sisi wachinjaji tuliacha kichwa mezani ili mnunuzi ajue mnyama ametoka kwa nani. Kina mama walifika asubuhi na vikapu vyao, wakatazama masikio kwanza, nyama baadaye. Natamani ungewaona walivyobishana, huku harufu ya chai ya maziwa ya ngamia ikitujia kutoka kibanda cha jirani.

Masikio yaliyopendwa kuliko yote yalikuwa ya Hirsi, mzee wa upande wa Bura. Hakuwaharakisha mbuzi wake njiani. Aliwapumzisha na kuwanywesha kabla ya soko, na nyama yao ilikuwa laini, tamu hata kwa chumvi tupu.

Ulikuwa msimu wa ukame. Siku hiyo nyama ya Hirsi iliisha mapema, na abti hakuwepo. Nyuma nilikuwa na mbuzi wa lori, waliotoka mbali wakiwa hoi. Nikamchinja mmoja, nikaitundika nyama yake, na kichwa cha mbuzi wa Hirsi nikakiacha pale pale mezani.

"Waryaa, kijana, hii ni ya Hirsi kweli ama ni ya lori?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akinunua nyama ya harusi ya bintiye.

"Eedo, shangazi, si macho unayo? Angalia sikio."

Nilijiona mjanja, kwa kuwa jina la Hirsi sikulitaja.

Harusini wageni walitafuna mpaka taya zikawauma, na habari ikaenea mjini kuwa nyama ile ni ya Hirsi. Soko lililofuata Hirsi alileta mbuzi wake, na hakuna aliyewagusa.

"Mzee, mbuzi zako siku hizi zinakula mabati?" dalali mmoja akamtania. Watu wakacheka.

Hirsi alikuwa amekuja kuuza ili anunulie nyumba yake unga. Alisimama juani mpaka adhana ya alasiri, akiyashika masikio ya mbuzi wake mmoja mmoja kana kwamba yamembadilikia. Nami nilikuwa karibu, nikinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali. Akawaswaga wote kurudi nao.

Ndipo nikamweleza abti. Hakupaza sauti.

"Ungemwibia mbuzi tungemlipa mbuzi," alisema. "Jina lake utalilipa na nini? Kaseme pale pale ulipodanganya."

Soko lililofuata nilisema mbele ya watu. Walinizomea, na yule mama wa harusi akanirushia kikapu chake. Lakini Hirsi hakuwepo. Shida ilikuwa imembana, akawauza mbuzi wake wa maziwa kwa dalali yule yule, kwa bei ya kutupa. Nilipomfuata Bura kumwomba radhi, alinikaribisha kwa chai isiyo na maziwa. Akasema amenisamehe, nami naamini alinisamehe. Ila hakuniletea mbuzi tena mpaka alipofariki, Allah amrehemu.

Leo wewe unafunga nyama kwenye pakiti na kuipeleka Nairobi. Unanung'unika kuwa hereni za masikioni za mifugo ni usumbufu, na kwamba mbuzi aliyetoka Kutulo, mbali huko kaskazini, aandikwe Garissa tu, maana ndilo jina wanalolipenda wanunuzi. Usifanye hivyo, mwanangu. Andika Kutulo, watu waonje. Mfugaji wa kule naye ana jasho lake, na akifichwa chini ya jina la mwingine hatajulikana kamwe. Na ugonjwa ukizuka, alama ya kweli itampeleka daktari wa mifugo kwenye boma moja. Ya uongo itafunga soko zima, na wasio na hatia watarudi nyumbani mikono mitupu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa.

Mwenyezi Mungu akupe rizki ya halali, aibariki mikono yako, na akujaalie kila aliyekuletea mnyama wake arudi kwako akiwa na mwingine. Amin.