Ankara Thelathini na Moja za Mama Zai

Nianze na lile zito kulisema: nililikana jina langu mwenyewe mbele ya umati wa watu, katikati ya Kariakoo, kitambulisho cha kazi nimekificha ndani ya blauzi. Nikikumbuka natamani kujifunika kanga uso mzima.

Nafanya kazi kitengo cha TEHAMA cha halmashauri moja (sitaitaja, bado nahitaji mshahara). Zamani ankara za vizimba vya soko alikuwa anazituma Mzee Kondo, karani aliyekuwepo pale kabla ya hivyo viti tunavyokalia. Kila usiku alibaki ofisini akibonyeza moja moja ziende kwenye simu za wafanyabiashara, na kuna nyingine alikuwa anaziruka, anaziandika kwenye karatasi. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, hizi mbona unaziruka?"

"Hizo nazipeleka kwa mguu, mwanangu."

Nikacheka kimoyomoyo, nikasema huu ndio uzee, sikuuliza neno la pili.

Basi nikatengeneza programu ya kutuma ankara zote yenyewe, alfajiri, sisi tumelala. Nilipokuta vizimba thelathini na moja vina namba moja ya simu, nikaamua (kwa dakika mbili, huku natafuna karanga) kwamba huyu ni tajiri mmoja anayejificha, nikaviweka vyote chini ya jina la mwenye namba. Nikaongeza sharti: anayedaiwa zaidi ya ankara tatu, agizo la kufungiwa na kuchukuliwa vyombo liende moja kwa moja kwa mgambo. Na kwa kuwa nilitaka wakubwa waone kazi ni ya nani, chini ya kila ujumbe nikaandika, "Kwa maelezo, muulize Afisa Neema." Nikarudi zangu Magomeni, nikalala usingizi mnono.

Asubuhi bosi akapiga simu. Hakusalimia.

"Neema, yule tajiri wako ni mama lishe. Mgambo wako kwake sasa hivi wanapakia masufuria. Mimi niko kikaoni. Nenda kawaambie ni kosa kabla hawajaondoka, vyombo vikishaingia yadi ya halmashauri yule mama hapiki wiki nzima."

Nilikwenda nusu natembea nusu nakimbia, nikikwepa mikokoteni. Nikakuta pikapu imeshapakiwa, sufuria la maharage bado linafuka, na wachukuzi waliokosa chai wameizunguka wamekunja nyuso. Yule mama lishe mwenyewe, Mama Zai, alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha, wanawake wawili wanampepea. Kijana mmoja wa mizigo alikuwa ameshika simu ya huyo mama, anasoma kwa sauti.

"Huu nao, Afisa Neema. Na huu tena, Afisa Neema."

"Aje tu huyo Neema," akasema mwingine, "atakula hayo maharage kwa mkono, yakiwa hivyo hivyo yanachemka."

Wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Ndipo nikasukumia kitambulisho ndani ya blauzi, na aliyekuwa mbele yangu akageuka.

"Dada, wewe si mtu wa halmashauri wewe? Nimeona kamba shingoni."

"Hapana kaka, nimekuja kuangalia vitenge."

"Na huyo Neema humjui?"

"Simjui."

Dereva akawasha gari. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mkono tu na kusema ni kosa, na mkono ukakataa, nikawa naangalia masufuria ya mtu yanataka kuondoka kama vile hayanihusu. Hapo ndipo Mzee Kondo akatokea, karatasi zake kwapani.

"Neema," akasema, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kuadhini, "siku hizi hata shikamoo hakuna?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Shikamoo, mzee," nikasema, sauti ikatoka kama ya mtoto wa chekechea.

"Marahaba. Hawajambo nyumbani?"

Mtu akanishika mkoba, mwingine mkono, nikasikia "ndiye huyu, ndiye huyu" inasambaa nyuma yangu, na nikajua neno moja baya tu likitamkwa hapo sitoki mzima. Nikajivuta hivyo hivyo mpaka kwenye dirisha la pikapu, nikaling'ang'ania.

"Shusheni. Ni kosa."

"Dada, agizo limetoka kwenye mfumo," mgambo akasema.

"Mfumo ni mimi."

Sijui kwa nini hilo liliwachekesha, lakini walicheka kweli safari hii, na mikono ikalegea. Nikasaini kwenye daftari la mgambo, masufuria yakaanza kushuka. Mzee Kondo akanieleza taratibu kwamba wakati wa kuandikishwa, wenye vizimba wasio na simu walitoa namba ya Mama Zai kwa sababu wote wanakula kwake, na ankara zao ndizo alizokuwa anazipeleka kwa mguu. Jirani akiwa na simu ndiyo simu yako, hilo nani hajui. Mimi tu.

Nikapiga magoti mbele ya yule mama, nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya masufuria. Hakuwa anayaangalia. Alinishika kifundo cha mkono.

"Niambie wewe uliyesoma. Nani kafa?"

Simu yake ilikuwa imelia mfululizo alfajiri, na saa hizo simu hailii kwa heri. Kila aliyemsomea kuhusu ankara alimwona kama wale wanaokuzungusha na maneno mengine kabla ya kukupa msiba. Ana mtoto mmoja, dereva wa lori, yuko njia ya Tunduru.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Sema tena."

Nikasema tena. Hakuamini mpaka nilipompigia huyo mtoto kwa simu yangu, akapokea huku anatafuna kitu, akauliza kuna nini. Ndipo Mama Zai akalia, na mimi pia.

Niliapa palepale kwenye lami: programu yangu haitamwamsha mtu tena. Sasa ankara zinatengenezwa usiku, zinatumwa saa nne asubuhi, watu wameshakunywa chai. Bosi huniuliza kwa nini kazi ya usiku inasubiri mchana. Namwambia ni mambo ya kiufundi.