Permi Zilizookotwa Barabarani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, maana vyangu vilikuwa vimetoboka. Grefie Mkuu, yaani mwandishi mkubwa wa tribinali, mahakama yetu hapa Lubumbashi, hakuviangalia. Alifungua kabati la chuma lililojaa permi, leseni za madereva, akaniambia niyasome majina yote kwa sauti. Nilipomaliza, alisema kila jina ni mtu ambaye hakimu amemkataza usukani kwa muda, na kazi yangu ni kuutunza ule muda.

Alinifundisha sheria kidogo kidogo. Mtu aliyenyang'anywa permi akiendesha gari kabla muda haujaisha, ametenda kosa jipya, hata kama hakumgusa mtu. Anaweza kufungwa, kutozwa amende ya fedha na kuongezewa muda. Akimgonga mtu, asiransi, yaani bima, inakataa kulipa, na gharama za majeruhi zinabaki kwake mwenyewe.

Kwa njia hiyo nilimjua Ilunga. Alikuwa akiendesha lori la mahindi kati ya Mitwaba na mjini, lori la mfanyabiashara aliyetoka Kivu. Siku moja alipita mbio pale Kasungami, akamgonga muuza makala, makaa ya kupikia, aliyekuwa akisukuma kinga, baiskeli yake, akamvunja mguu. Hakimu alimnyang'anya permi mwaka mmoja. Mwezi wa tatu wa adhabu hiyo tajiri wake akamwambia kwamba huko porini hakuna polisi wa barabarani. Ilunga alikuwa na watoto watano. Akarudi kwenye lori, akakamatwa.

Hukumu ya pili niliisoma mimi: miezi miwili gerezani, na akitoka, ule mwaka uanze upya. Mke wake alikuwa kwenye benchi ya mbele na mtoto mgongoni. Sikuweza kumtazama.

Ilunga alikuwa ametoka gerezani wiki chache tu mji ulipoporwa na askari. Siku mbili hatukutoka nyumbani. Siku ya tatu mimi na Grefie Mkuu tulikuta tribinali haina milango wala viti. Madaftari yalikuwa majivu uani. Kabati lilikuwa limebebwa, na permi zilikuwa zimemwagwa barabarani, ambako wenye nazo walikuwa wakijiokotea. Grefie Mkuu aliketi sakafuni na koti lake safi. Nikaketi karibu naye.

Kesho yake Ilunga aliingia na kifurushi cha kitenge. Ndani mlikuwa na permi kumi na saba alizookota, na ya juu kabisa ilikuwa yake.

Grefie Mkuu aliishika, akamtazama. "Papa Ilunga, madaftari yote iliungua. Hakuna muntu anajua. Juu ya nini hukubakia nayo?"

"Ule muntu wa kinga anajua," Ilunga akajibu. "Na mi najua."

Alipoondoka nilimwomba mkubwa wangu amwite, amrudishie. Serikali yenyewe ilikuwa haionekani; sisi tulikuwa tunamwekea nani muda? Alinijibu taratibu, kama mtu anayeongea na binti yake.

"Mama Odile, nikimurudishia leo, kile alituletea kitakuwa nini?"

Tulianza daftari jipya kwa mkono, jina la Ilunga likiwa la kwanza. Mishahara haikuja miezi mingi, na Grefie Mkuu alilima shamba ili ale. Hata hivyo, kila wiki alinipa beseni la unga niupeleke kwa mke wa Ilunga, na alinikataza kusema umetoka wapi. Ilunga mwenyewe alishinda akipakua magunia ya watu.

Muda ulipoisha, Grefie Mkuu alivaa tai na kumkabidhi permi yake kwa mikono miwili. Ilunga aliniomba nimsindikize Kasungami kabla hajaenda kwa tajiri. Muuza makala alitoka nje akiegemea fimbo. Aliisoma permi mbele na nyuma, akairudisha.

"Basi, ukipita hapa, upite polepole," alisema, kisha akatutolea viti.

Nilifanya kazi ile mpaka nywele zikawa nyeupe, na nikamzika mkubwa wangu kabla ya kustaafu. Hukumu nilizoandika ni nyingi, na nyingine nimezisahau hata majina. Mwezi uliopita, mtoto wa dada yangu, dereva wa teksi, alikuja hapa kwangu Makomeno. Amenyang'anywa permi miezi minne, na alitaka kujua kama anaweza kuendesha asubuhi tu, kabla polisi hawajatoka. Nilimweleza gereza, amende na asiransi, moja baada ya lingine. Alinisikiliza kichwa chini, akaniuliza watoto watakula nini.

Nilimwambia, "Balete hapa kila siku, mpaka muda uishe."

Nikaenda kuongeza maji kwenye sufuria.