Niliyemwita Binti Yangu Nusu Muuguzi

Kule Uvira, Kongo, muuguzi wa A3, daraja la chini kabisa, alining'oa jino zima akaacha bovu. Hasira ile nilikuja nayo mpaka Louisville, Marekani. Bon, binti yangu Furaha alipochagua chuo cha uuguzi cha miaka miwili badala ya minne, mimi niliyeishia darasa la tatu nilisimama kanisani nikafoka: "Nimemkataza! Huyo ni A3, nusu muuguzi, ataua watu!"

Mama Riziki, muuguzi wa hospitali, akainuka. "Papa, hapa Kentucky wa miaka miwili na wa minne wote wanafanya mtihani mmoja, wanapata leseni moja. Mimi nilisoma miaka miwili. Juzi nani alikudunga sindano, ukamsifu mkono mwepesi?"

Kanisa likaangua kicheko. Furaha hakucheka, alilia. Nilichukua kofia, nikatoka kwa hasira. Kanisani pale sijarudi mpaka leo.