Rangi ya Kucha kwenye Manifoldi

Nilimshuku yule fundi kabla hajagusa chochote, na ni heri niseme hivyo mapema.

Pikapu ilikuwa ya mjomba wangu, ile anayobebea maziwa kutoka Dundori kila asubuhi. Ilikuwa imeanza kunguruma kama trekta, moshi ukivuja kwenye manifoldi, kile chuma kizito cha miguu minne kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye ekzosi. Nilimwomba mjomba aniachie gari siku tatu. Ufundi nimejifunza peke yangu kwa video za simu, na nilitaka aone kwamba kazi yangu ni safi kuliko ya hao anaowapelekea. Ningeweka gasketi mpya ya kuzibia moshi, ningekwangua kutu yote, kisha ningepaka rangi ya kuhimili moto.

Bolti inayoshika bomba la ekzosi ikanikatikia ndani ya manifoldi.

Mjomba sikumwambia. Nilifunga manifoldi kwenye gunia nikaipeleka ikatolewe bolti kwa fundi wa kuchomea kwa gesi hapa mjini Nakuru, ambaye mjomba mwenyewe amemtumia kwa miaka. Hapa kwetu kila mtu atakuambia: ukiacha kipuri kwa fundi, kitie alama, la sivyo utarudishiwa cha mtu mwingine. Watu huchonga herufi kwa patasi. Mimi sikuweza kuukwaruza uso wa chuma ambacho nilikuwa nimepanga kukisugua hadi king'ae. Nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikaweka tone moja nyuma ya mguu wa pili, mahali ambapo asingeangalia. Nilijiona mjanja. Nikapiga na picha, kumi na moja.

Niliporudi mchana alinikabidhi ikiwa bado na joto. Nikaigeuza. Nyuma ya mguu wa pili hapakuwa na kitu.

"Hii si yangu."

Akacheka. "Si yako aje, siste? Kwani ulileta ngapi?"

"Yangu ilikuwa na alama. Nyekundu."

"Ya nini?"

"Rangi ya kucha."

Mwenzake aliyekuwa akikata mabati hakuinua hata kichwa. "Boss, rudishia madam vipodozi vyake."

Kicheko kikazunguka kibanda kizima. Uso uliniwaka moto, nikasikia sauti yangu ikipanda. "Mmenibadilishia! Yangu nzima mmeiuza, mkanipa hii mbovu!"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Fundi alifunga mtungi wa gesi polepole. "Siste, hiyo bolti nimeitoa na moto. Chuma kilikuwa kimeiva kama kaa. Rangi ya kucha ingebaki wapi?"

Nilielewa. Nakiri kwamba nilielewa palepale. Lakini nikawaza kwamba mwizi hodari naye angekuwa na jibu zuri kama hilo, nikakaza uso.

Kwenye benchi alikuwa ameketi mzee mmoja mwenye duka la chakula cha mifugo, akingoja zamu yake na kipuri cha trekta magotini, kilichopakwa rangi ya buluu. Aliinuka. "Wacha nirudi na hii yangu nyumbani kwanza," akasema, akaondoka. Fundi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Nyumbani nilisugua kwa brashi ya waya hadi mikono ikafa ganzi, nikilinganisha chuma na zile picha. Kutu yote hufanana. Kufikia jioni nilikuwa nashuku hata picha zenyewe. Asubuhi nikampigia mjomba nikamweleza yote, kuanzia bolti.

"Sugua mguu wa nne, kwa chini. Kuna nukta tatu."

"Nukta za nini?"

"Niligonga mimi, mara ya kwanza nilipompelekea. Unadhani nilikuwa namwamini?"

Nilizikuta chini ya kutu, tatu, zimepinda kidogo, nikazipiga picha. Nikamalizia kwa msasa, nikapangusa kwa thina, nikapaka tabaka tatu nyembamba, kila moja nikiingoja ikauke. Ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia, na sikufurahi hata kidogo.

Siku hiyohiyo nilirudi kwa fundi. "Ni yetu," nikamwambia. "Nilikukosea. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe." Aliendelea kufungua mpira wa gesi. "Lakini si mimi nilitoka hapa na kazi yangu. Ambia yule mzee."

Nikaenda hadi dukani kwa mzee, nikasimama kati ya magunia ya pumba, nikamweleza yote, hata rangi ya kucha. Alisikiliza hadi mwisho, akinipima kutoka viatu hadi kichwa.

"Sasa huyo fundi alikupatia nini ndio ukuje kuniambia hivi?"

"Hakunipa kitu, mzee."

"Mm."

Nikamwonyesha picha ya zile nukta. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu. "Nukta hata jana mtu anaweza kugonga," akasema.

Shaka hiyo nilikuwa nayo mwenyewe kabla sijakata simu ya mjomba. Mzee alisema atafikiria kumrudia fundi, kisha akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Pikapu imerudi kwenye maziwa na haingurumi tena. Mimi hupita karibu na kile kibanda kila juma, ng'ambo ya barabara, nikitafuta kile chuma cha buluu cha mzee kwenye benchi. Sijakiona. Juzi fundi aliniona nikichungulia, akainua miwani yake ya kuchomea.

"Siste, unatafuta nini tena hapa?"

Nikamwambia nilikuwa napita tu. Alibaki ameishika miwani juu vile, akinifuata kwa macho hadi nikakata kona.