Salamu Zisizohitaji Magoti

Saa mbili kasorobo asubuhi. Jua limekwisha kupanda juu ya mashamba ya mihogo ya kijiji cha Mwangoye, si mbali na misheni ya Ushirombo, wilayani Kahama, na benchi la zahanati limejaa. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, aliyevaa gauni jeupe lenye kiraka begani, anapita akisalimia. Anasalimia kwa mikono miwili, na akishika mkono wa mtu haachii upesi.

"Mwangaluka, mayu," anamwamkia bibi mmoja kwa Kisukuma. Kisha kwa mgongo wa kiganja chake anagusa vifundo vya vidole vya yule bibi, kimoja kimoja, polepole, kama mama anayepima joto la uji wa mtoto.

"Umenionaje leo, Mama Dominiko?" anauliza bibi.

"Leo umepoa. Juzi ungeweza kunichomea hindi."

Benchi zima linacheka, na bibi mwenyewe anacheka kuwashinda wote.

Mgeni akiona atadhani ni adabu iliyopita kiasi. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Generoza, ambaye hapa wanamwita Mama Dominiko, mama wa watoto watano mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mhudumu wa zahanati tu. Si daktari wala muuguzi wa cheti kikubwa. Mshahara wake ni shilingi mia saba kwa mwezi, ambazo kwa bei za mwaka huu wa 1984 hazimnunulii hata tairi mbili za baiskeli yake ya Swala. Lakini kila Alhamisi watu wa baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha viungo na kuvipinda, hutoka vijiji vya mbali kuja kusalimiana naye.

Mwanzoni mwa mwaka jana daftari la zahanati lilikuwa na mgonjwa mmoja tu wa aina hiyo. Leo ni thelathini na mmoja.

"Usiandike kwamba ugonjwa umeingia mwaka jana," anaonya akinyoosha kidole. "Ulikuwapo. Hakukuwa na wa kuutazama."

Yeye aliutazama mapema, tena katika mikono ya wanawake wawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1959, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliajiriwa kufagia na kubeba maji katika hospitali ya mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Ameomba jina la mgodi lisiandikwe gazetini. "Waliokuwapo wameondoka, na waliobaki ni wazee. Ya nini kufukua?"

Hospitali hiyo ilikuwa na milango mitatu. Wa Wazungu ulikuwa na pazia, wa Wahindi ulikuwa na benchi, na wa Waafrika ulikuwa na foleni. Uhuru ulipokuja vibao viling'olewa siku moja. Mazoea yalichukua muda zaidi kung'oka.

Nyuma ya mlango wa pazia alikuwapo mke wa mhandisi, mama wa makamo mwenye vidole vilivyovimba kila asubuhi. Daktari alikaa kitandani kwake nusu saa nzima, akauliza, akaandika, akachukua damu ikapelekwa mbali kupimwa. Mama yule akapewa aspirini kwa saa maalumu, kisha vidonge vya klorokwini kila siku, na beseni la maji ya moto la kuloweka mikono. Mbeba beseni alikuwa Generoza. Mwaka wa pili ulipokwisha, mama yule alikuwa amerudia kufuma sweta zake.

Miezi ile ile, mama mzazi wa Generoza, Esta, aliletwa kutoka kijijini akiwa na vidole vile vile. Alipanga foleni tangu asubuhi. Daktari alikuwa yule yule. Hakukaa.

"Alisema, 'Watu wenu hawapati ugonjwa huu. Ni jembe tu.' Akaandika dawa ya kuchua, basi," anasimulia Generoza. "Nikajipa moyo, nikamwambia kuna mgonjwa ndani ana mikono kama hii. Akanifungulia kitabu chake, akaniambia kitabu kinataka wekundu kwenye viungo. 'Wekundu uko wapi kwa mama yako?' Nikatazama. Kweli sikuuona. Ngozi ya mama yangu ilikuwa nyeusi kama chungu, wekundu utauona wapi? Lakini nilipoushika mkono wake tukirudi, ulikuwa moto."

Anafunga na kufungua kifuniko cha kalamu.

"Sikumchukia yule mama wa Kizungu. Alikuwa mtu mwema, na niliona raha vidole vyake vilipofunguka. Kilichoniuma ni kwamba vya mama yangu vilikuwa vinafunga siku zile zile."

Kufikia mwaka 1968 Esta hakuweza kumega ugali. Generoza alimfinyangia tonge na kumlisha. Alipofariki miaka mitatu baadaye, watu wa kanisani walikuja na rozari ya kumshikisha. Vidole havikuipokea. Wakamvisha shingoni.

Mtu angetegemea kwamba aliyepitia hayo angeutambua ugonjwa huo hata gizani. Generoza naye alitegemea hivyo, na hapo ndipo anapojicheka mwenyewe, ingawa kicheko chake hapo si kirefu.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano mwaka jana. Kwenye foleni alikuwapo Salvina, mke wa kijana aitwaye Clemens, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye mtoto mgongoni. Katika sehemu hizi mwanamke kijana akimwamkia mkubwa wake hupiga magoti. Anayesimama wima ni kama ametukana. Salvina alisema "Shikamoo" akiwa amesimama kama mlingoti wa bendera.

"Damu ilinichemka," anakiri Generoza. "Nikamwambia, 'Binti, hapa si mjini. Nenda mwisho wa foleni ukajifunze adabu.' Akaenda."

Zamu yake ilipofika ilikuwa mchana. Hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Mtoto alikuwa anakohoa. Generoza alimpa chupa ya dawa, na Salvina akaipokea katikati ya viganja viwili, vidole vikiwa vimekaa pembeni kama si vyake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba unifungulie."

Generoza akamshika mkono. Ulikuwa moto.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi, mtoto wa Esta, ndiye niliyemsimamisha foleni tangu asubuhi!"

Alimkalisha, akamuuliza. Hakumuuliza kama anaumwa, maana wanawake wa huku ukiwauliza hivyo watakujibu "tumezoea". Alimuuliza jinsi anavyosonga ugali, jinsi anavyokamua nguo, na asubuhi akiamka humchukua muda gani kufunga khanga.

"Naamka jogoo wa kwanza, nakaa," alijibu Salvina. "Nangoja vidole vifunguke. Nikianza kazi wengine wameshaamka, wanasema mimi mvivu."

Tena likatoka lililokuwa kubwa zaidi. Jumapili ile baada ya misa wazee wangekaa kikao. Ukweni walikuwa wamechoshwa na "jeuri" ya mkamwana asiyewapigia magoti. Angerudishwa kwao Buseresere, ng'ombe warudishwe, na mtoto abaki kwa baba yake. Mtoto alikuwa na miezi saba.

Generoza alikuwa na siku tatu.

Ijumaa alimpakia Salvina na mtoto wake kwenye keria ya baiskeli, akakanyaga hadi hospitali ya misheni. Daktari Ignas, kijana aliyetoka chuoni miaka miwili tu iliyopita, aliitazama mikono akasita. Na yeye alikuwa amefundishwa kutazama wekundu.

"Nikamwambia, 'Daktari, samahani, usitazame. Gusa.'"

Daktari Ignas analikumbuka neno hilo bila kuona haya. "Niligusa vifundo, nikagusa na magoti. Yalikuwa yamejaa maji. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu nilijiuliza ni wangapi nimewaandikia dawa ya kuchua."

Alimwanzishia Salvina aspirini, ya kumeza baada ya uji, na klorokwini kidogo kidogo, akaagiza arudi kupimwa macho kila baada ya muda, maana dawa hiyo ikitumika sana huweza kuyadhuru. Klorokwini, vidonge vile vile vya malaria vilivyojaa kwenye kopo la kila zahanati nchini. Dawa ilikuwapo siku zote.

Jumapili ikafika. Generoza alikwenda kwenye kikao bila kualikwa, jambo ambalo huku si dogo. Mama mkwe, Nyamizi, ambaye kijiji kinamwita Mama Clemens, alikuwa amesimama anasema.

"Miezi sita sasa hajagusa chini mbele yangu! Mimi ni nani, mtoto mwenzake?"

Generoza hakuhutubia. Alimwomba Mama Clemens mkono wake, akauweka juu ya goti la Salvina, akangoja. Waliokuwapo wanasema uso wa mama yule ulibadilika taratibu.

"Goti hili lina moto," alisema Mama Clemens. "Tangu lini?"

"Tangu nilipojifungua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Mngesema mmeoa mgonjwa."

Na kweli, ndivyo ambavyo wangesema. Baba mkwe, Mzee Maganga, alijaribu kulisema. Alinung'unika kwamba kama ni mgonjwa, basi hiyo ndiyo sababu nzuri zaidi ya kumrudisha.

"Baba Clemens," Generoza akamjibu kwa heshima zote, "mwaka jana jino lilikuuma mwezi mzima, ulikuwa huli wala hulali. Je, mkeo alikurudisha kwa mama yako?"

Kikao kikavunjika kwa kicheko, na aliyeanza kucheka ni Mama Clemens. Suala la ng'ombe halikuzungumzwa tena.

Kutoka siku hiyo mambo yakaenda yenyewe. Mama Clemens alitangaza habari hiyo kisimani kwa bidii kuliko redio, na Alhamisi iliyofuata walikuja wanawake wanne waliokuwa wakiitwa wenye kiburi. Kumbe nusu ya kiburi cha kijiji ilikuwa magotini.

Leo Salvina yupo kwenye benchi. Hajapona kabisa, na Generoza hapendi ionekane kuwa amepona. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kimebaki kimepinda, na siku za mvua bado huamka kwa shida. Lakini anakamua nguo, anasonga ugali wa watu wanane, na mtoto wake anakimbiakimbia uwanjani akifukuza kuku wa mganga mkuu wa zahanati.

Mama Clemens amemsindikiza. Chini ya kwapa ana kigoda kidogo cha mninga, anakiweka mbele ya miguu yake, anakifuta vumbi kwa ncha ya khanga.

"Kaa, mwanangu," anasema, "ndipo uniamkie vizuri."

Salvina anakaa, anainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kigoda hicho ni wazo la Generoza. Fundi Ngassa amekwisha kuchonga tisa kutokana na mabaki ya mbao, na mpango ni kila nyumba ya wagonjwa wake iwe na chake kabla ya mavuno yajayo. Tena Generoza na Daktari Ignas wanaandika ukurasa mmoja wa maelekezo kwa wahudumu wote wa zahanati wilayani. Ukurasa huo unaanza na neno moja: Gusa.

Je, ana tumaini gani zaidi ya hayo? Generoza anafikiri huku akishika mkono wa mgonjwa anayefuata.

"Siku nikifa," anasema, "nataka hawa wote thelathini na mmoja waje kunisalia, na kila mmoja ashike rozari kwa vidole vyake mwenyewe."

Kisha anashtuka na kucheka. "Lakini si karibuni! Alhamisi ijayo nina watu."