Pikapu Isiyozimwa

Pikapu yangu ilikuwa na kiburi. Asubuhi, ikiwa baridi, ilishika mara moja. Ikipata moto kisha uizime, injini ilizunguka na kuzunguka bila kushika, mpaka ipoe nusu saa. Mafundi watatu wa hapa Sosiot walibadilisha betri, plagi na pampu ya petroli. Kila mmoja aliilaza gereji, akaijaribu asubuhi, ikawaka, akanicheka. Nikaapa sitaizima njiani tena.

Ndipo ndugu yangu mdogo akataka kuoa. Tukawapakia wazee hadi Boito kwa koito, yale mazungumzo ya kuomba binti na kupatana ng'ombe. Ndugu yangu alimpenda huyo binti miaka minne. Msemaji wetu, baba mkubwa, alikuwa ameapa: ng'ombe watano, la sivyo tunarudi nyumbani.

Niliegesha karibu na dirisha la sebule, injini ikinguruma. Baba wa binti akauliza mbona siizimi.

"Tuna safari nyingine, mzee," nikajibu, uso mkavu.

Sikusema ya wapi. Wenyeji wakatazamana, nadhani waliona boma lingine lenye binti likitungoja. Walikuwa wameanza na ng'ombe wanane. Kufikia kikombe cha pili cha chai walikuwa wameshuka hadi sita, nami nikajipongeza kimoyomoyo, mwongo mimi.

Kisha baba wa binti akatoka nje. Aliporudi alikuwa na ufunguo wangu mkononi, na injini imezimwa. "Haraka haraka haina baraka, kijana. Kunywa chai."

Niliungua ulimi. Baba mkubwa hakujua tumekwama, akashikilia watano wake. Wenyeji wakakataa. Akasimama kwa madaha, akachukua kofia. "Twende!"

Ndugu yangu alilengwalengwa na machozi. Nikarudishiwa ufunguo, tukapanda wote. Nikapiga stata mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Injini ilizunguka tu. Baba mkubwa akakodolea macho shamba la chai la jirani kana kwamba analikagua, na mlangoni wenyeji wakaanza kucheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Binti akatoka jikoni na jagi la maji.

"Shemeji, ikipoa inashika?"

"Mara moja."

"Basi si betri, na petroli iko. Ni sensa ya injini, kile kifaa kinachoiambia iwake lini. Ikishika joto inalala."

Alikuwa amesomea magari chuo cha ufundi. Ndugu yangu alitueleza habari za chapati zake tu, akiogopa wazee wangemkataa mke fundi wa magari. Akafungua boneti, akainama, akamwagia maji kitu kidogo huko chini. "Piga sasa."

Ikashika.

Baba mkubwa akatoa kichwa dirishani. "Sisi tunaondoka na mchumba wako. Mbona unatuwashia gari?"

"Ili mkibaki, baba, isiwe ni kwa sababu ya gari."

Baba mkubwa akafungua mlango, akashuka.

"Zima," akaniambia. "Ng'ombe ni sita."